Shangazi wa Dirishani

Shangazi huyo hakuwahi kuzaliwa. Hakuwa na sura, hakuwa na kaburi, hakuwa hata na picha moja ya harusi ya mtu ambamo angeonekana amekaa pembeni ameshikilia mkoba wake. Lakini kwenye duka la dawa la mtaa ule alijulikana kuliko wengi wenye pumzi. Mfamasia alimuulizia hali, alimtumia salamu, na kuna siku alimtumia ushauri wa kupunguza chumvi. Aliyemzaa ni mwanamke mmoja msusi, na alimzaa kwa woga, akiwa amesimama kwenye foleni.

Inabidi kwanza ulijue dirisha lenyewe. Duka lile lilikuwa na kioo kinene kutoka kaunta hadi darini, na katikati ya kioo palikuwa na tundu, limetobolewa usawa wa kitovu, labda na fundi aliyedhani watu huongea kwa matumbo. Ukitaka kusema, unainama. Ukitaka kusikia, unageuza shingo na kutega sikio, na makalio unawaachia walio nyuma yako. Na nyuma yako hawakosekani watu. Wamebanana kwenye kijichumba chenye benchi moja, hawana la kufanya ila kusubiri na kusikiliza.

Upande wa pili wa kioo alikaa mfamasia, mtu mwema, anayeijua kazi yake, asiyekupa kidonge bila kukueleza kinaliwaje. Ubaya wake ulikuwa koo. Kwa kuwa aliamini kioo kinameza sauti, aliipandisha, na watu wakambandika jina la Kipaza. "Mama, hii ya muwasho wa huko chini," angesema, "unapaka asubuhi na jioni, na mumeo naye apake." Benchi zima lingetazama sakafu kwa adabu, na lisingesahau hata neno moja.

Ndiyo maana mtaa ule ulijaa wageni wagonjwa. Hakuna aliyenunua dawa yake mwenyewe. Mwenye bawasiri alimnunulia mgeni. Msichana aliyepitiliza siku zake alitumwa na rafiki. Babu mmoja, mtu wa heshima zake, aliwahi kununua dawa ya minyoo "ya mpangaji wangu", na mpangaji mwenyewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni, kanyamaza kimya kwa kuwa kodi alikuwa hajalipa. Kipaza aliwasikiliza wote na kuwashauri wote, akidhani anatibu mtaa, kumbe anatibu mizimu.

Ukutani palibandikwa tangazo kubwa, Haki na Wajibu wa Mgonjwa. Upande wa haki ulikuwa umefunikwa na kalenda ya sabuni, yenye picha ya mtoto anayecheka na povu. Uliobaki kuonekana ni upande wa wajibu tu: mweleze mfamasia dawa zote unazotumia. Msusi alikuwa ameusoma mstari ule mara nyingi, kwa kuwa ulikuwa usawa wa macho yake kila alipokuwa akisubiri kwenda kusema uongo.

Usimwone mtu mbaya. Yeye alishinda na vichwa vya watu mikononi, na alijua maneno yanavyotembea. Mwanamke akikaa kwenye kigoda chake, kabla msuko haujafika kisogoni ameshamwaga mambo ya nyumba tatu. Habari iliyoingia saluni asubuhi ilirudi jioni imenenepa. Kwa hiyo mume wake alipoanguka mara ya kwanza, jikoni, mbele ya binti zao wawili, mwili ukimpigapiga na povu mdomoni, jambo la kwanza alilofanya Msusi baada ya kumlaza ubavu ni kufunga dirisha.

Mume wake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Fundi kwelikweli, aliyetembea juu ya boriti huku akipiga mluzi, na sauti alikuwa nayo. Alizoea kuagiza misumari kutoka juu, hata chumvi mezani aliiomba kwa sauti ya mtu aliye ghorofa ya tatu. Walikwenda kliniki ya mbali, ambako hawakujulikana. Daktari wa huko akasema ni kifafa, akaandika vidonge, akamwambia Fundi aachane na mapaa. Fundi akaitikia vizuri, na kesho yake akapanda ngazi.

"Nikishuka paani, mama watoto, nitapanda wapi?" alimuuliza mkewe. "Msimamizi akijua, siku hiyohiyo napewa nguo zangu. Nani atamweka juu mtu wa kuanguka?"

Kwenye karatasi ya daktari lilikuwa limeandikwa jina la ukoo tu. Siku Msusi alipoipitisha kwenye tundu, Kipaza aliisoma, akanguruma, "Hizi za kifafa ni za nani?" Benchi likaacha kupumua. Msusi akajibu bila kufikiri, "Za shangazi yake mume wangu. Yuko shamba." Basi, hapo hapo shangazi akapata mwili, akapata ukoo, akapata na ugonjwa.

Aliwafaa sana, huyo mama. Fundi alikula vidonge vya shangazi asubuhi na jioni na hakuanguka tena. Nyumbani walifanya utani wao. "Shangazi ameshakula?" Msusi angeuliza kabla ya kuzima taa, na mumewe angejibu kwamba shangazi ameshakula na anataka chai. Walicheka. Mtu huzoea hata kukalia moto, ilimradi usiwake.

Kisha kikaja kikohozi. Fundi alikuwa akibomoa paa kuukuu lililojaa vumbi na vinyesi vya popo, akashikwa na kifua kikali chenye homa. Mwenzake wa kazi akamsindikiza zahanati na kuingia naye mpaka kwa tabibu, kama wafanyavyo wanaume wanaopendana, akakaa kwenye kiti cha pili huku anatafuna kijiti. Tabibu akauliza, "Unatumia dawa nyingine yoyote?" Fundi akamtazama mwenzake. "Hapana," akasema. Akaandikiwa dawa ya kifua.

Karatasi hiyo Msusi aliipeleka dirishani, na kwa kuwa vidonge vya shangazi navyo vilikuwa vinakaribia kwisha, akaomba vyote kwa pamoja. Nyuma yake alisimama mke wa msimamizi wa ujenzi, mteja wake wa kila mwezi, nywele zake zimesukwa na Msusi mwenyewe.

"Hii ya kifua ni ya mumeo?" alipaza Kipaza.

"Ya mume wangu, ndiyo."

"Anatumia dawa nyingine? Nauliza kwa sababu hii ina ugomvi na dawa kadhaa."

Msusi aliona, kwa pembe ya jicho, viatu vya mke wa msimamizi. Kama angeuliza tu, "Ina ugomvi na zipi?", pengine mambo yangeishia hapo. Lakini kuuliza nako ni kusema.

"Huyo?" alijibu, akacheka kidogo. "Huyo ni mzima wa afya, hata panadoli haijui."

Kipaza akaridhika. Akachukua paketi ya mume na paketi ya shangazi, akazitumbukiza kwenye mfuko mmoja, akaupitisha tunduni. "Msalimie shangazi," akasema.

Siku chache zilikwenda salama. Kikohozi kikalainika. Halafu Fundi akaanza kulalamika kwamba anaona vitu viwili viwili. Alinyoosha mkono kushika kikombe akashika hewa, wakacheka wote, na binti mdogo akamwambia, "Baba, shika cha katikati." Lakini alipoinuka alipepesuka, akaegemea mlango. Msusi akaacha kucheka.

"Kinataka kurudi," Fundi alinong'ona walipobaki wawili, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka uani. "Nakijua. Kichwa hakiko changu."

"Basi ongeza kimoja cha shangazi."

Ndivyo alivyosema. Kwa mdomo wake. Na alikwenda mwenyewe kuleta maji, akasimama pale mpaka mumewe akameza. Asubuhi akampa vingine viwili badala ya kimoja, na jioni vilevile, kwa mapenzi yote, kwa kuwa kama dawa ndiyo iliyomsimamisha mtu, basi mtu akianza kuyumba anapungukiwa dawa. Hesabu hiyo ilionekana haina kasoro. Nani wa kumuuliza? Mfamasia alimjua shangazi tu.

Siku iliyofuata walimrudisha Fundi kutoka kazini, kashikwa kwapa na wenzake wawili. Alikuwa amejaribu kupanda ngazi akakosa daraja la kwanza. Maneno yalimtoka yamelegea, macho yanacheza. Msimamizi alisema amelewa asubuhi asubuhi, na wenzake, waliojua hanywi, walikuwa wanaona aibu kwa niaba yake. Msusi akafungua mdomo kumtetea, na mumewe akamkanyaga mguu.

"Acha waseme nimelewa," alimwambia walipoondoka. "Mlevi hupumzishwa akarudi kazini. Mwenye kifafa hashiki ngazi tena. Niahidi, mama watoto. Usiende kusema dirishani."

"Nimeahidi."

"Sema vizuri."

"Nimesema nimeahidi. Lala."

Alilala. Alitapika, akalala tena. Usingizi ule haukumpendeza Msusi. Asubuhi, watoto walipokwenda shule, alijaribu kumwamsha ale kidogo amnyweshe dawa, na Fundi akafumbua macho nusu, macho yakaenda kushoto, yakarudi, yakaenda tena, wala hayakumtafuta yeye. Akamwita. Akamwita kwa jina la ujana, ambalo hakuna mwingine analijua. Akambana kidole kwa nguvu, na mkono ule mkubwa wenye makovu ya mabati ukavutwa polepole, ukaanguka.

Msusi alitoka na kitambaa cha ndani kichwani, ndala za watoto mguuni. Alikuwa akilia bila kujua. Jirani alipomuuliza kulikoni alijibu, "Nakuja," neno lisilo na maana yoyote, na akaendelea kukimbia.

Dukani foleni ilikuwa imefika mlangoni. Aliwapita wote, akiomba radhi kulia na kushoto. Karibu na tundu alisimama mke wa msimamizi. Kati ya watu wote wa mji ule, na kati ya asubuhi zote. Mwanamke yule akasogea kumpisha, akamwangalia kwa huruma ile inayouma, huruma ya kumhurumia mke wa mlevi.

Msusi aliinama.

"Daktari, shangazi amezidiwa," alisema. Kila mtu alimwita Kipaza daktari, naye kila siku alikana. Leo hakukana. "Anaona viwili viwili. Anapepesuka. Anatapika. Sasa amelala, haamki vizuri."

"Shangazi wa shamba?"

"Huyohuyo."

"Dalili hizo ni za dawa kumzidi. Ameongeza vidonge?"

"Aliongeza. Alidhani kinarudi."

"Vibaya hivyo. Amepewa dawa nyingine yoyote juu yake? Ya kifua, ya fangasi, ya aina yoyote? Fikiri vizuri, maana hapo ndipo penye hatari."

Na hapo Msusi alifikiri vizuri. Shangazi hakuwa na kikohozi. Mwenye kikohozi alikuwa mtu mwingine, jina jingine, paketi nyingine. Viatu vya mke wa msimamizi vilikuwa palepale. Nimeahidi. Sema vizuri. Nimesema nimeahidi.

"Hapana," alisema. "Hiyo tu."

Kipaza akapumua. "Basi pengine ni hivyo alivyoongeza tu, afadhali. Asipewe kingine leo, anyweshwe maji akiamka, na apelekwe hospitali ya hukohuko shamba, leo hii gari likipatikana. Nipe simu nizungumze nao."

"Sina simu yao. Nitawaambia."

Akanyooka, akageuka. Alikuwa amepata jibu. Jibu zuri, la mtu aliyesomea, na alitembea nalo hadi mlangoni akiwa amelikumbatia. Asipewe kingine. Anyweshwe maji. Akaweka mguu mmoja nje kwenye jua, na ndipo miguu ilipomgomea. Jibu lile lilikuwa la shangazi. Mwanamke asiyekuwa na kikohozi ndiye aliyeambiwa afadhali. Mume wake hakuna aliyemuulizia, hakuna aliyempa jibu lolote, kwa sababu yeye, mkewe, alikuwa amemkata vipande viwili na kumpa mfamasia kipande kimoja.

Alirudi. Alirudi akipenya kwa viwiko. "Foleni, dada," mtu alimwambia, na mwingine akasema kwamba wote hapa ni wagonjwa. Alimkuta mke wa msimamizi ameshainama kwenye tundu, akamshika bega, akamwondoa, nywele alizomsuka mwenyewe zikampiga usoni.

"Daktari, shangazi hayupo."

"Hayupo vipi? Amesafiri?"

"Hajawahi kuwepo." Hakuwa tena anainama. Alisimama wima akasemea kwenye kioo, kwa sauti ambayo hata barabarani waliisikia. "Vidonge vya kifafa anakula mume wangu. Ni vyake tangu mwanzo. Na ile ya kifua uliyonipa anakula yeye huyohuyo, na vya kifafa nikamwongezea kwa mkono wangu. Hajalewa. Hajawahi kulewa. Yuko kitandani namwita haitiki. Niambie nimemfanya nini."

Hata mtoto aliyekuwa akilia chini ya benchi alichungulia.

Kipaza hakupaza. Aliinuka, akapotea nyuma ya rafu, na mlango wa pembeni, ambao watu walidhani umepigwa misumari, ukafunguka. Alikuwa mfupi kuliko walivyomdhania, amevaa kandambili. Alimshika Msusi kiwiko, akamweleza kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Sikiliza. Dawa ya kifua inazuia mwili kuitoa ile ya kifafa. Inabaki ndani, inajazana. Ukamwongezea, ikajazana zaidi. Si kifafa kilichorudi, ni dawa imemlevya. Inaua, lakini hospitali wanaweza kumsaidia, na ni sasa hivi, si baadaye. Usimpe kitu mdomoni, hata maji, atapaliwa. Mlaze ubavu. Chukua paketi zote mbili, usiache hata moja, na wa kwanza atakayekuuliza umwambie hivi ulivyoniambia mimi."

"Nimeahidi nisiseme," alisema Msusi.

Kipaza alitazama mlango aliotokea. Nyuma yake kilionekana chumba kidogo, viti viwili vimeelekeana, na juu ya viti maboksi ya nepi mpaka darini. "Hiki ni cha kuzungumzia faragha," alisema. "Ni haki yako. Ungeomba, tungekaa humu."

"Ningeomba wapi, daktari? Tunduni?"

Mfamasia aliyatazama maboksi yale kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeyapanga, kisha akageukia watu. "Mwenye gari nani?"

Benchi likaangalia sakafu. Aliyesogea mbele, funguo mkononi, ni mke wa msimamizi.

Walimtoa Fundi kitandani kwa msaada wa jirani, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe. Njiani mke wa msimamizi aliendesha kwa mikono miwili, akipuliza honi kila kona.

"Jana usiku nimemtetea," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Nimemwambia mume wangu, mlevi ni mtu, mpe nafasi nyingine. Akakubali." Akakata kona. "Sasa sijui nitamwambia nini. Na siwezi kumficha. Kuna watu wengine chini ya ngazi ile."

"Najua," alisema Msusi. Na alijua, tena tangu siku daktari wa mbali aliposema, ila alikuwa hajawahi kuruhusu neno hilo likae. Alipapasa kifua cha mumewe kama kinapanda. Kilipanda kidogo, kikakaa chini muda mrefu, na katika muda ule mrefu alimwambia Mungu akichukue kila kitu alichowahi kumwomba, kazi, heshima, mapaa yote ya dunia, amwachie hiki kifua kinachopanda.

Hospitalini walimpokea kwa machela. Aliyeuliza wa kwanza aliambiwa. Wa pili aliambiwa. Msusi alizitoa paketi mbili akazishika mikono miwili juu, na alilisema neno kifafa mara nyingi siku ile kuliko alivyolisema tangu ndoa, mpaka likaisha makali. Walimchukua, wakafunga mlango. Alikaa kwenye sakafu ya korido, kwa kuwa viti vilikuwa mbali na mlango, na hakula. Ikiwa atakufa, alifikiri, nimemuua kwa glasi ya maji na nia njema. Hakuna askari atakayekuja. Nitaendelea kusuka watu.

Hakufa. Usiku mmoja na mchana mmoja alipumuliwa na mashine, kisha akapumua mwenyewe, kisha akafumbua macho na macho yakatulia juu ya mkewe. Walimhamishia wodi ya wanaume, kitanda cha kati, kulia mzee wa mguu uliovunjika, kushoto kijana mwenye bomba puani. Fundi alitazama dari kwa muda, akaona lilipovuja, akasema kwa sauti dhaifu kwamba aliyeezeka hapa alikuwa mwizi. Msusi alicheka mpaka akalia.

"Nani alikuwepo dirishani?" Fundi akauliza.

Akamwambia. Fundi akageuzia uso ukutani.

"Uliahidi," alisema.

"Niliahidi."

Fundi hakugeuza uso. Walikuwa bado hivyo daktari wa wodi alipoingia na wanafunzi wake, akipita kitanda hadi kitanda. Alikuwa na haraka. Alisimama miguuni pa Fundi, faili mkononi.

"Huyu ndiye wa mgongano wa dawa," aliwaambia wanafunzi, kwa sauti ya darasani. Kisha kwa mgonjwa, "Nataka kusikia kwako mwenyewe, maana ndiyo itakayonifanya niamue nikuanzishie upya kipimo gani. Vidonge hivi vya kifafa umekuwa ukivitumiaje? Kila siku? Ulikuwa unaruka?"

Wodi ikatega sikio, kama lile benchi la dukani. Mzee wa mguu aliacha kujikuna. Kijana wa bomba akageuza shingo taratibu. Fundi alimtazama daktari, akawatazama wanafunzi mmoja mmoja.

"Hivyo si vyangu," alisema Fundi. "Ni vya shangazi."

Daktari akakunja uso, akafungua faili. Kama si vyake, hataanzishiwa. Asipoanzishiwa, ataanguka tena, na safari hiyo huenda asiangukie jikoni.

"Shangazi amefariki," alisema Msusi.

"Poleni sana," alisema mzee wa mguu. "Aliugua sana?"

"Sana, baba. Ametusumbua, lakini tulimzoea." Akainuka kwenye kiti chake, akakisukuma karibu na mto wa mumewe. "Daktari, naomba ukae hapa. Hilo si swali la kuulizwa kutoka miguuni. Mume wangu ana haki ya kuulizwa peke yake, naye ana wajibu wa kukujibu. Hawa vijana nao, samahani, wasimame kule."

Wanafunzi walimtazama mwalimu wao. Daktari alimtazama yule mwanamke mwenye kitambaa cha ndani kichwani na ndala za watoto, akaonekana kutaka kusema jambo, akaliacha. Akawaashiria wanafunzi wasogee. Akakaa. Akamwinamia mgonjwa mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wake, na akauliza tena, polepole.

Msusi naye aliondoka. Hakuambiwa. Alikwenda akasimama penye dirisha, akawapa mgongo, akaangalia nje ambako watu walikuwa wakianika mashuka. Alikuwa amemsemea kila mahali, tunduni na kwenye gari na mapokezi, na neno lililobaki halikuwa lake hata kulisikia.

Alisikia pumzi ikivutwa. Fundi alikusudia kunong'ona, hilo ni la kumtetea. Lakini koo lililozoea kuagiza misumari kutoka paani halikujua njia nyingine.

"Ni vyangu, daktari," alisema, na wodi nzima ikamsikia. "Shangazi sina."